Nimeazima seti ya kupresi beringi: uzoefu wangu na vifaa vya kuazimana

Anayetaka jibu la haraka nampa hapa hapa: jiunge na kikundi chetu cha kuazimana vifaa vya gari, mradi gari lako unalitengeneza mwenyewe na wewe ni mtu wa kurudisha vya watu. Kikundi chetu si cha mafundi wa gereji. Yupo mwalimu, yupo mhasibu, wapo vijana wa chuo, na mtunza vifaa ni mzee mmoja mstaafu anayeishi Morogoro. Kila mtu ana spana zake, jeki yake na stendi zake. Tunachoazimana ni vile vifaa ambavyo mtu hununua kwa bei kubwa, akavitumia mara moja, kisha vikabaki stoo vikila kutu: kibana springi, pula ya boljointi, toki renchi kubwa (spana inayopima nguvu ya kukazia nati), vifungio vya taimingi kwa injini za VW, na hiki nilichoazima mimi, seti ya kutolea na kuingizia beringi za magurudumu, zile ringi mbili zenye gololi katikati zinazolifanya gurudumu lizunguke.

Watu husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa spana namba 10, 12, 14 na 17 nakubaliana nao kabisa. Mwenye Toyota asiyekuwa nazo asianze hata kufungua boneti. Seti ya beringi ni habari nyingine. Beringi nzuri inakaa miaka, na ukiibadilisha leo huenda gari likauzwa kabla hujaihitaji seti hiyo tena.

Gari langu ni Toyota IST. Beringi ya mbele kulia ilianza kunguruma nikifika kilomita 60 kwa saa, na nikikata kushoto kelele inaongezeka kwa sababu uzito unahamia kulia. Kwenye IST beringi hiyo haifungwi kwa boliti ukaibadilisha kama unavyobadilisha pedi za breki. Imepresiwa, yaani imesukumwa kwa nguvu, ndani ya nako, kile chuma kinachoshikilia gurudumu, na klipu ya duara inaizuia isitoke. Kwa hiyo una njia tatu: ushushe nako yote uibebe hadi kwenye karakana yenye presi, umpe fundi wa nyundo, au upate seti ya aina hii ufanye kazi nako ikiwa bado kwenye gari.

Nyundo siipendi, na sababu yangu haihusu dharau kwa mafundi. Ukiigonga beringi kwenye ringi ya ndani ili iingie kwenye nako, kishindo chote kinapita kwenye gololi kwenda ringi ya nje. Gololi zinaacha vidonda vidogo kwenye njia yake, vidogo kiasi kwamba huvioni kwa macho, na beringi mpya inaanza kulia mapema mno. Mwenye gari anailaumu spea ya bandia aliyouziwa Ilala, kumbe beringi ilikufa siku ile ile ilipofungwa.

Seti ilinifikia kwa basi kutoka Morogoro, nikaichukua Stendi ya Magufuli. Gharama ya mzigo analipa anayeazima. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshatuma amana kwa simu, na amana ni sawa na bei ya seti mpya. Inarudi yote mzee akishahakiki sanduku. Wapo wanaolalamika kwamba amana kubwa hivyo ni kutoaminiana. Mimi naona kinyume chake. Bila amana, vifaa vingezunguka kwa marafiki wa karibu tu, na mtunza vifaa angeshinda kwenye simu akidai vitu vyake hadi urafiki uishe. Kwa amana, mtu wa Dodoma asiyenijua kabisa anapata seti sawasawa na jirani yangu. Huko Marekani maduka ya vipuri ya AutoZone yanaazimisha vifaa kwa mtindo huu huu: unaweka amana kamili, ukirudisha kifaa ndani ya siku 90 unarudishiwa yote.

Tofauti yetu na duka ipo ndani ya sanduku. Ukilifungua, kwenye mfuniko kuna karatasi iliyofunikwa kwa plastiki yenye orodha ya kila kipande. Diski na vikombe vimepangwa kwa ukubwa, kila kimoja kimechorwa kipimo chake. Kuna boliti ndefu mbili, kikopo cha grisi, na daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila aliyetumia seti anaandika gari lake, diski aliyoitumia kutolea, kikombe alichokitumia upande wa pili, na jambo lililomsumbua. Nilikuta mwenye IST mwingine ameshaandika. Sikuanza kupimapima, nilichukua diski aliyoitaja ikakaa sawasawa. Mwenye Subaru Forester naye kaandika ukurasa mzima, na wa Noah kaweka hata mchoro. Daftari hilo kwangu lina thamani kuliko seti yenyewe, maana seti inauzwa dukani.

Kazi yenyewe nieleze kidogo kwa wenye gari kama langu. Nati ya shafti inayozungusha gurudumu imegongwa ukingo wake ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Uinue kwanza ukingo huo kwa tindo, ndipo soketi ya 30 ifanye kazi, gurudumu likiwa chini na mtu kakanyaga breki. Habu, yaani kitovu gurudumu linapofungwa, ikishatoka na klipu ukaiondoa, boliti ndefu inapita katikati, kikombe kinakaa upande mmoja na diski upande wa pili. Ukifunga, beringi inavutwa kuelekea kwenye kikombe. Ya kwangu ilikuwa imegandana na kutu. Boliti ilikaza, ikakaza, kisha nikasikia mlio mmoja mkavu na beringi ikaanza kusogea.

Kuingiza mpya kunataka utulivu zaidi. Nilisafisha tundu la nako kwa msasa laini, nikapaka oili kidogo, nikachagua diski inayogusa ringi ya nje peke yake. Nilikuwa nikifunga robo mzunguko na kuangalia kama beringi inaingia ikiwa imenyooka. Ikifika mwisho, mkono unajua: spana inakuwa nzito ghafla. Kisha klipu, halafu habu. Hapo kwenye habu mambo yanageuka, maana sasa ringi ya ndani ndiyo inayopaswa kushikiliwa kwa nyuma. Ukishikilia ya nje, unarudia dhambi ile ile ya nyundo.

Mzee alinipigia mchana ule ule.

"Kijana wangu, boliti ndefu umeipaka grisi?"

"Shikamoo mzee. Nimepaka, na nimeongeza tena wakati wa kuingiza."

"Marahaba. Na impakti?"

"Hapana mzee, spana ya mkono tu."

Anauliza hivyo kwa kila mtu, na ana haki. Boliti ndefu ndiyo inayobeba kazi yote, na mtu akiifunga kwa impakti, ile mashine ya kufungia nati, bila grisi, nyuzi zinasagika hadi nati inang'ang'ania. Iliwahi kutokea kabla sijajiunga. Boliti mpya ikanunuliwa kwa amana ya aliyeiharibu, na jambo likaishia hapo bila ugomvi.

Sasa yasiyonifurahisha. La kwanza, ringi ya ndani ya beringi ya zamani hubaki imeshikamana na habu, na kuitoa kunahitaji vile vibamba viwili vinavyoibana kwa nyuma pamoja na pula yake. Vibamba hivyo havimo kwenye sanduku, vinaazimwa peke yake. Vilikuwa kwa mtu mwingine, na kazi yangu ikasimama habu ikiwa mezani. La pili ni toki renchi. Nati ya shafti inakazwa kwa Nm 216 (kipimo cha nguvu ya kukazia), na toki renchi ndogo ambazo wengi wetu tunazo hazifiki huko. Kubwa ipo kwenye mzunguko, lakini ina foleni yake na amana yake. Vitu vitatu hivi vinatumika kwenye kazi moja, basi visafiri pamoja hata kama sanduku litakuwa zito na basi litatoza zaidi.

Hiyo toki renchi nayo ina jambo. Masharti yake yanafuatwa vizuri: irudishwe ikiwa imeshushwa hadi kipimo cha chini ili springi yake isichoke, na isitumike kufungulia nati. Ila hakuna anayeipima kama bado inasema kweli. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinataka toki renchi ihakikiwe kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, na yetu inapita mikono mingi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo. Tuanzie kuuliza pale, na gharama itoke kwenye michango.

Kibana springi sijakiazima, ila naunga mkono sharti lake linalowakera vijana: hakitoki bila mtu aliyewahi kukitumia kuwepo siku ya kazi. Springi ya shokapu iliyobanwa ikichomoka kwenye kulabu inavunja mfupa wa uso. Hilo halielezeki kwa daftari.

Nani asijisumbue? Mwenye haraka ya kutumia gari kesho asubuhi. Foleni ipo, basi linachelewa, na mzee hatoi sanduku kabla hajahesabu kila kipande kilichorudi. Pia mwenye gari la beringi za kufungwa kwa boliti hana haja ya seti hii, atoe na kufunga kwa spana zake.

Gari langu sasa liko kimya. Amana yangu ilirudi yote, na nimeandika ukurasa wangu kwenye daftari. Wenzetu wa Mwanza na Bukoba wanaumia zaidi kwa nauli ya mzigo na kungoja. Nimependekeza tuchange tununue seti ya pili ikae Kanda ya Ziwa, ikiwa na vibamba na toki renchi ndani ya sanduku moja tangu mwanzo. Mchango wangu nimeshauweka, na natafuta mtu wa Mwanza mwenye stoo kavu na subira ya kuhesabu diski.