Sabufa mpya haidundi? Angalia waya kabla hujairudisha Kariakoo

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni sana. Hii mnayoiona hapa sakafuni ni sabufa yenye spika mbili za pembeni. Nimeinunua Kariakoo wiki tatu zilizopita kwa shilingi 165,000. Dukani ilidunda mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Nimefika nayo hapa Sinza, nimeunga, nimeweka singeli, mlio mwembamba! Besi hakuna. Nilishaanza kuirudisha kwenye boksi lake. Nashukuru niliangalia waya kwanza, maana kifaa chenyewe kilikuwa kizima kabisa.

Kwanza hili boksi. Hapa mbele wameandika wati 10,000 kwa maandishi makubwa. Jamani, msinunue kwa namba hii. Igeuze sabufa nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, usome kibandiko: volti 230, hezi 50, wati 60. Hizo 60 ndizo inazokula kwenye soketi, na hakuna redio inayoweza kutoa mfululizo nguvu ya muziki kubwa kuliko umeme inaokula. Kwa chumba cha kupanga wati 60 zinatosha sana, ila ujue unacholipia.

Sasa besi ilikwenda wapi? Sogeeni karibu. Waya wa hizi spika ndogo una pini upande mmoja. Upande wa pili zinatoka nyaya mbili zilizochunwa, unazibana mwenyewe hapa nyuma ya spika, kwenye kibanio chekundu na cheusi. Spika ya kushoto nilikuwa nimeibana kinyume. Spika zote zinalia vizuri, huwezi kushtuka. Lakini hii ikisukuma hewa mbele, mwenzake anaivuta nyuma. Sauti nyembamba haziumii sana. Besi ndiyo inayokufa, kama watu wawili wanaosukuma gari moja, huyu kwa nyuma, yule kwa mbele. Na ule mpigo wa kifuani unatoka pale sabufa na spika ndogo zinapopokezana. Wakigombana hapo, unabakiwa na mngurumo wa mbali tu.

Kipimo chake ni betri moja ya rimoti, ile ya volti 1.5. Chomoa kwanza pini kwenye sabufa. Chukua vipande viwili vya waya: kimoja kitoke kichwani mwa betri kiende kwenye ncha ya katikati ya pini, kingine kitoke kitakoni kiende kwenye chuma cha pembeni. Gusa, achia. Usishikilie. Angalieni karatasi ya spika... mmeona? Imeruka mbele kidogo tu, na imetoa kishindo, "tk". Sasa hii ya kushoto kama nilivyokuwa nimeibana. Gusa... imezama ndani! Hapo ndipo besi yangu ilipokuwa inapotelea. Geuza nyaya, bana tena, pima tena. Zote ziruke mbele. Kama una spika nne au tano pima moja moja, kwa sababu kadiri zinavyoongezeka ndivyo kosa moja linavyojificha.

Baada ya waya ni mahali pa kuiweka, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika joto hili la Dar, sauti inasafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Besi ya hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa mita 7. Chumba changu kina mita 3 na nusu, nusu ya wimbi kamili. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, na katikati ya chumba mgandamizo wake unakuwa dhaifu kabisa. Mimi kiti changu kilikuwa katikati hasa. Nilipokisogeza kuelekea ukuta wa nyuma, besi ikanijia bila kugusa kitufe chochote. Sabufa nayo nimeitoa juu ya stuli, nimeiweka sakafuni kwenye kona, ile tundu lake la hewa likae wazi, lisizibwe na pazia. Ukiona inavuma kupita kiasi, ivute kidogo kutoka kwenye kona.

Wenye runinga: ukiunganisha sabufa kwa bluetooth, zima spika za runinga. Bluetooth inachelewesha sauti, kwa hiyo ngoma moja inapigwa mara mbili na besi inavurugika. Mimi natumia waya.

Na usijaribu kulazimisha spika ndogo zifanye kazi ya sabufa kwa kupandisha besi kwenye mipangilio. Ukishuka kutoka hezi 100 mpaka 50 kwa sauti ile ile, spika inatakiwa isukume hewa mara 4 zaidi. Kispika cha inchi 3 kitaitoa wapi? Kitakoroma tu, na ukikazana utakiunguza.

Hukumu yangu: kwa 165,000 mimi nimeridhika. Gitaa la besi linasikika noti kwa noti, ngoma ya singeli inagonga na kuacha, haiburuzi. Nisichokipenda ni kwamba kuanzia sauti namba 25 tundu la hewa linaanza kupuliza kama mluzi, na kwa sherehe ya uani haitoshi, msidanganyike. Hii ni ya ndani.

Sasa nataka msikie wenyewe. Chomekeni earphone, tafadhali, kwa sababu spika ya simu haiwezi kushuka huko chini na tofauti hamtaiona. Kinasa sauti nimekiweka hapa kwenye kiti. Mara ya kwanza waya wa kushoto upo kinyume, mara ya pili upo sawa. Wimbo ni ule ule, sauti namba 18, sijagusa kingine chochote. Haya, nawasha.