Uzoefu wangu na flashi ya nyimbo mchanganyiko niliyopangiwa Makoroboi

Nina mgahawa mdogo Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na kwa muda mrefu muziki ulikuwa chanzo cha manung'uniko kati ya wateja wangu. Wazee wa biashara ya dagaa walitaka dansi la zamani, vijana wa bodaboda walitaka Bongo Fleva, na akina mama wanaopumzika baada ya kuanika dagaa waliomba kwaya. Mwezi Juni nilikwenda Makoroboi, kwenye kibanda cha kijana anayepanga nyimbo kwenye flashi, nikamlipa shilingi 15,000 kwa nyimbo 150. Nimeitumia kila siku kwa miezi minne, na naipendekeza kwa yeyote mwenye wateja au familia ya watu wa rika mbalimbali, ingawa ina kasoro ambazo sitazificha.

Kijana yule hakuniuliza nampenda msanii gani. Aliuliza nafungua saa ngapi, wateja hukaa mezani kwa muda gani, na ni wakati gani kelele za sahani na mazungumzo huzidi. Kisha akagawa flashi katika folda tatu, yaani asubuhi, mchana na jioni, na ndani ya kila folda akachanganya aina za muziki badala ya kuzitenga. Hapo ndipo thamani ya kazi yake ilipo, kwa sababu mteja wangu wa kawaida hula kwa dakika ishirini hivi, na katika muda huo ni lazima asikie walau wimbo mmoja ulio wake.

Folda ya asubuhi inaanza na kwaya ya vijana ya AIC Makongoro, ya hapa hapa Mwanza, na baada ya nyimbo chache inaingia taarabu ya Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Nilidhani sauti ya zamani hivyo, yenye mikwaruzo, ingewachosha watu wanaokunywa chai na kuwahi kazini. Kumbe saa moja asubuhi, kabla mgahawa haujajaa, sauti ile inapenya hadi jikoni, na mpishi wangu, ambaye hakuwahi kumsikia, sasa ananiomba niirudie.

Folda ya mchana ndiyo bora kuliko zote. Ndani yake kuna benga ya D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara, aliyejijengea jina upande wa Kenya na bendi yake ya Shirati Jazz. Siku ya kwanza wimbo wake ulipolia, mzee mmoja wa Rorya alisimamisha tonge la ugali katikati ya sahani na mdomo, akangoja gitaa la besi lishuke, ndipo akaendelea kula. Baadaye alinieleza kwamba gitaa la benga linafuata namna nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, inavyodonolewa, na tangu siku hiyo nalisikia tofauti kabisa. Baada ya benga zinakuja ngoma za bugobogobo, ambazo Wasukuma walizitoa shambani wakilima kwa pamoja, na midundo yake haihitaji spika kubwa ili imtikise mtu bega. Saida Karoli na Kihaya chake anafuata, na wasafiri wa Bukoba wanaongoja meli ya usiku huwa hawabaki kimya.

Jioni ni zamu ya dansi: Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, kisha Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Mara baada ya Mlimani Park anawekwa Fid Q, rapa aliyekulia Mwanza. Kwa maandishi mpangilio huo unaweza kuonekana wa ajabu, lakini masikioni unakubali, kwa kuwa wote wanaupa ushairi uzito na msikilizaji aliyekwisha kutega sikio kwa maneno ya dansi anaendelea kulitega kwa mistari ya Bongo Fleva. Hapo ndipo wazee wangu wawili walipomsikiliza rapa hadi mwisho bila kudai wimbo ubadilishwe.

Sasa niseme kasoro. Nyimbo nyingi za dansi zilitolewa kwenye santuri ndogo, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili, na kwenye flashi yangu nyimbo sita zina nusu ya kwanza tu. Maana yake wimbo unakatika pale pale chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea, linapotaka kuanza, na hakuna jambo linalomuudhi mpenzi wa dansi kama hilo. Nyimbo tatu zilinaswa redioni, hivyo sauti ya mtangazaji inaingia katikati. Singeli mbili, zenye mapigo yanayovuka 200 kwa dakika, zilikuwa kwenye folda ya asubuhi, nikazihamishia jioni mwenyewe. Faili nyingi pia zina namba tu bila jina la mwimbaji, na wateja wanapouliza ni nani anayeimba, nabaki sina jibu.

Jambo lililonikwaza zaidi ni kwamba nilipomuuliza kijana yule wasanii wanapata nini katika shilingi 15,000 zangu, hakuwa na jibu. Ustadi wake ni wa kuchagua na kupanga, na ningemlipa vizuri kwa huo peke yake, huku nyimbo nikizinunua mahali ambapo msanii mwenyewe anapata chake. Nilimweleza hivyo bila kumgombeza. Kwa wasanii walio hai nimeanza kuzinunua upya nyimbo zao kihalali, mojamoja, huku nikifuata mpangilio wake ule ule.

Kwa kazi ya kupanga nampa nyota tano, na kwa ubora wa sauti nyota tatu. Ukienda, mweleze wasikilizaji wako ni akina nani na muziki utalia saa ngapi, kisha usilipe kabla hujausikiliza mwisho wa kila wimbo wa dansi pale pale kibandani. Nilipomrudishia flashi alinitafutia nusu za pili za nyimbo nne bila malipo. Mbili bado nazingoja.