Seti ya msuguano na mzunguko: ubao safi, gurudumu la kuosha kwanza

Seti hii inauzwa Dodoma mjini kwa ajili ya maabara za sekondari, na bei inazungumzika. Ndani kuna ubao wa mita 1.2 wenye bawaba na protrakta, kipande cha mbao cha gramu 200, mizani ya springi ya nyutoni 10, pete na silinda za chuma, na gurudumu la kilo 2 lenye ekseli. Kidato cha tatu wanaweza kuitumia karibu ilivyo. Kidato cha tano wasiguse gurudumu kwanza.

Ubao umenyooka na umepigwa msasa vizuri. Uinue polepole mpaka kipande kianze kuteleza. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo kizigeu cha msuguano tuli, yaani namba inayoonyesha jinsi nyuso mbili zinavyoshikana kabla ya kuteleza. Kikiteleza kwenye digrii 20, jibu ni 0.36, na ukikiongezea kilo 1 mgongoni pembe haibadiliki. Wanafunzi wengi hawaamini mpaka waone.

Kulabu ya kipande imefungwa juu mno. Ukivuta kwa mizani kipande kinainamia mbele, ukingo unakwaruza ubao na kipimo kinapanda. Ishushe iwe milimita 10 hivi kutoka kitako. Mizani nayo ina mistari ya 0.2, ilhali kipande kitupu hung'oka kwa nyutoni 0.7 tu, pakia kilo 1 ndipo usome 4.3 hivi.

Karatasi ya maelekezo inataka pete na silinda zibiringishwe kwenye digrii 40. Hapana. Kizigeu cha chuma juu ya ubao kikiwa 0.3, pete huanza kuteleza mteremko ukizidi digrii 31, na kwenye 40 inakaribia kufika sawa na silinda, somo zima la silinda kuitangulia pete likapotea. Weka digrii 15: silinda itatangulia waziwazi.

Gurudumu ndilo lenye kasoro. Beringi zimeshindiliwa grisi nzito. Mzigo wa gramu 100, uzi ukiwa kwenye ekseli ya nusu kipenyo sentimita 1.5, unapaswa kushuka sentimita 80 kwa sekunde 8.5, likitoka dukani linatumia 11. Muda unaingia kwenye kanuni kwa mraba, hivyo inesha (ugumu wa gurudumu kubadilishwa mzunguko) inaonekana imezidi kwa theluthi mbili. Bandua vifuniko vya beringi, osha kwa mafuta ya taa, kausha, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Muda hushuka hadi 8.9. Baada ya hapo lifunike kwa mfuko, maana vumbi la kiangazi cha Dodoma halichelewi kuingia kwenye beringi iliyo wazi.