Borrow na lend katika kamusi ya Oxford ya wanafunzi

Kamusi ya wanaojifunza Kiingereza hupimwa vyema kwa maneno mepesi, yale ambayo kila mtu anadhani anayajua. Ndiyo maana nimeitathmini Oxford Advanced Learner's Dictionary, katika toleo lake la mtandaoni lisilolipiwa, kwa jozi inayowasumbua wasemaji wengi wa Kiswahili: borrow (kuazima au kukopa kutoka kwa mtu) na lend (kumwazima au kumkopesha mtu).

Asili ya kamusi hii ni darasani. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, na pamoja na wenzake wawili aliandaa kamusi iliyochapishwa huko mwaka 1942, kisha Oxford University Press wakaitoa mwaka 1948. Mkono wa mwalimu bado unaonekana. Chini ya borrow msomaji hapewi maana tu, bali pia umbo la sentensi: borrow hufuatwa na kitu, kisha from na mwenye kitu. Kwa lend maumbo ni mawili, kwani kitu kinaweza kutangulia na kufuatwa na to, au mpokeaji akatangulia na kitu kikamfuata. Kipo pia kisanduku kinachoyalinganisha maneno haya na kueleza kwamba la kwanza ni la anayepokea na la pili ni la anayetoa. Kwa maoni yangu, hizo from na to zina thamani kuliko maelezo yenyewe, kwa kuwa aliyezoea kusema borrow from hatatamka kirahisi "borrow me your pen" badala ya "lend me your pen".

Sentensi hiyo husikika mno shuleni na mara nyingi huhesabiwa kuwa uzembe, jambo ambalo si haki kwa mwanafunzi. Katika kopa na kopesha, mnyambuliko wenyewe unaonyesha nani anatoa na nani anapokea. Azima haiko hivyo: tunasema "nimeazima jembe kwa jirani" na vilevile "jirani ameniazima jembe", kitenzi kikiwa kilekile, na ni mpangilio wa sentensi unaotujulisha jembe ni la nani. Anayesema "borrow me" anaifuata "niazime" hatua kwa hatua.

Hapo ndipo uwezo wa kamusi hii unapokomea. Imetungwa kwa wanafunzi wa dunia nzima, maelezo yake yote ni ya Kiingereza, na hivyo haiwezi kumwonyesha msomaji wetu chanzo cha kosa lake, wala kumwambia kwamba borrow hubeba azima na kopa kwa pamoja, yaani jembe litakalorudishwa lenyewe na fedha zitakazolipwa kwa noti nyingine. Kwa sababu hiyo, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iwe wazi kando yake.

Matamshi ya Uingereza na ya Marekani yanasikika kwa kubofya, nayo ni msaada mkubwa kwa anayesoma peke yake.

Ninaipendekeza kwa mwanafunzi wa sekondari na kwa mtu mzima anayepewa mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza, ambamo lender na borrower hutajwa tena na tena na kila mmoja ana wajibu wake. Mtoto wa shule ya msingi aitumie akiwa na mwalimu, kwa sababu ufafanuzi wake, hata ukiwa rahisi, bado ni Kiingereza kitupu.