Chupa ya sherehe: ipi uianze, ipi uiache rafuni

Kwenye rafu ya vinywaji vya sherehe, bei hupandishwa na mambo mawili: muda na jina. Muda ni ule ambao mvinyo umelala chupani juu ya hamira, au pombe kali imekaa ndani ya pipa la mwaloni. Jina ni matangazo, sanduku la rangi ya dhahabu na utepe wake. Muda unauonja, jina hulionji. Kwa hiyo mpangilio wangu unafuata muda, pamoja na swali ambalo wanunuzi wengi hawajiulizi: chupa hii itafunguliwa sehemu gani ya sherehe, na wanywaji ni akina nani?

Mvinyo wa mapovu

1. Crémant na Cap Classique. Ukitaka chupa ya kugongea glasi, naanza na hizi kabla ya shampeni yenyewe. Crémant nyingi ni ya Ufaransa, Cap Classique ni ya Afrika Kusini, na zote zinatengenezwa kwa njia ileile ya shampeni. Mvinyo ulio tayari hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa hufungwa, kisha mvinyo unachachuka mara ya pili humohumo. Gesi haina pa kutokea, basi inayeyuka ndani ya mvinyo mpaka presha ya chupa inapita ya tairi la gari dogo mara mbili na zaidi. Hamira ikimaliza kazi hufa na kutuama, na utamu wa shughuli unaanzia hapo. Kadiri mvinyo unavyokaa na masalia hayo ndivyo unavyopata harufu ya mkate uliotoka tanurini na lozi zilizokaangwa. Mwishoni chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo hadi masalia yashuke shingoni, shingo hugandishwa, kifuniko huondolewa, na donge la barafu linaruka nje na uchafu wake wote. Ndipo kizibo cha mwisho kinapopigwa.

Crémant hulala na hamira kwa miezi 9 kwa uchache, Cap Classique miezi 12, na watengenezaji makini huzidisha. Cap Classique ya kwanza ilitoka kwa Frans Malan wa Simonsig, Stellenbosch, kwa mavuno ya mwaka 1971. Kwa upande wa Crémant, tazama eneo. Ya Bourgogne hutegemea zaidi Chardonnay na Pinot Noir, zabibu zilezile zinazotawala kwenye shampeni, kwa hiyo ndiyo inayoikaribia zaidi kwa ladha. Ya Loire mara nyingi hutumia Chenin Blanc, na huja na harufu ya tufaha na asali. Mimi ningechukua ya Loire kwa watu wanaosema mvinyo wa mapovu ni mkali mno.

2. Shampeni. Ni mvinyo wa eneo la Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, na si mwingine. Isiyo na mwaka wa mavuno kwenye lebo hukaa kiwandani miezi 15 kwa uchache kabla ya kuuzwa. Yenye mwaka, miaka 3. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu. Zipo sherehe ambazo jina lenyewe ndilo zawadi, na bibi harusi akiitaka shampeni, usimletee hoja za hamira.

Ukiamua kuinunua, tafuta herufi mbili ndogo sana kwenye lebo. NM ni nyumba inayoruhusiwa kununua zabibu kwa wakulima, na majina makubwa karibu yote yako humo. RM ni mkulima anayetengeneza mvinyo kwa zabibu za shamba lake. Si kila RM ni nzuri, lakini hapo pesa yako hulipia matangazo machache zaidi.

3. Kava. Ya Hispania, nyingi yake kutoka Catalonia, na njia ni ileile ya chupani. Ya kawaida hukaa miezi 9, Reserva 18, Gran Reserva 30. Soma tena hiyo namba ya mwisho. Gran Reserva ina muda mara mbili ya shampeni ya kawaida, na bado huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu jina la Kava liliharibiwa na chupa za bei ya kutupa. Kwa ukumbi uliojaa watu, Reserva ndiyo ningeagiza kwa makasha.

4. Asti na Moscato d'Asti. Wajuzi huzikunjia uso, mimi nazitetea. Ni za Italia, ni tamu, zinanukia zabibu mbichi na maua, na kileo chake ni kidogo: Moscato d'Asti huwa karibu asilimia 5 tu. Hii ndiyo chupa ya keki.

5. Prosecco. Nayo ni ya Italia. Uchachukaji wake wa pili kwa kawaida hufanyika kwenye tangi kubwa la chuma, kwa hiyo hupati mkate wala lozi, unapata pea na tufaha bichi. Inywe ingali changa. Ni nzuri ya kuchanganya na juisi, kazi ambayo ni dhuluma kumpa Gran Reserva.

Mtego ulio kwenye lebo

Neno "Extra Dry" limewaponza wengi, maana mtu hudhani ndiyo kavu, yaani isiyo na utamu, kuliko zote. Ukweli ni kwamba Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Dry ina 12 hadi 17, Sec 17 hadi 32, na Demi-Sec 32 hadi 50. Asiyetaka sukari kabisa atafute Brut Nature, chini ya gramu 3.

Hili lina uzito mezani. Wengi hununua Brut, wakaifungua wakati keki inakatwa. Jaribu uone: meza kipande chenye krimu ya sukari, kisha piga funda la Brut. Mvinyo uliokuwa mzuri dakika moja kabla unageuka maji ya ndimu, kwa sababu ulimi umeshazoea utamu mkubwa zaidi. Mgeni atalaumu chupa, na chupa haina kosa. Brut ifunguliwe watu wakiwa bado wamesimama na vitafunio vya chumvi. Keki isubiri Asti au Demi-Sec.

Pombe kali

Kwa kundi mchanganyiko naiweka mbele wiski ya miaka 12. Namba hiyo ni umri wa pombe changa kuliko zote zilizochanganywa humo, si wastani. Wiski ya Scotland lazima ikae pipani miaka 3 kwa uchache, na maneno kama "Special" au "Reserve" hayakuambii lolote kuhusu umri. Kumbuka pia kwamba pombe kali haizeeki chupani. Wiski ya miaka 12 iliyofichwa kabatini miaka 20 bado ni ya miaka 12.

Ya pili ni konyaki, pombe kali ya zabibu ya Ufaransa, ya daraja la VSOP. Herufi hizo kwenye lebo huonyesha umri. Kwa VS, pombe changa zaidi ina miaka 2 ya pipa. VSOP ni 4. XO ni 10 tangu mwaka 2018, kabla ya hapo ilikuwa 6. XO ni nzuri, lakini ikiishia kumwagiwa soda umetupa pesa.

Tekila naiweka ya tatu kwa sharti moja: lebo iseme 100% agave, yaani mmea unaotengenezea tekila. Isiyosema hivyo inaweza kuwa na hadi asilimia 49 ya kileo kilichotokana na sukari nyingine. Ramu iko ya mwisho kwangu si kwa ladha, bali kwa lebo zake. Sheria hutofautiana mno baina ya nchi, na baadhi ya chupa huandika namba kubwa ambayo si umri wa pombe changa.

Kwa wanaoona hivi vyote vinachoma koo, kuna Port aina ya Tawny, ya miaka 10. Ni mvinyo wa Ureno uliokatiwa uchachukaji kwa kuongezwa pombe kali, kileo chake karibu asilimia 20, na ladha ya karameli na matunda makavu. Ikishafunguliwa hudumu wiki kadhaa, jambo ambalo mvinyo wa kawaida hauwezi.

Popote ununuapo pombe kali, kagua lakiri, tahajia ya lebo na ujazo wa chupa, na bei ikiwa ya ajabu, ondoka. Pombe bandia huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na huwezi kuitambua kwa kunusa.

Kuifungua na kuionja

Chupa ya mililita 750 hujaza glasi 6 za mililita 125. Wageni 30 ni chupa 5 kwa kugonga glasi, na ongeza moja endapo kizibo kimeharibu mvinyo mmojawapo. Utaujua kwa harufu ya boksi lililoloa.

Poza kwenye ndoo ya barafu na maji kwa nusu saa. Maji ni lazima, barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache. Kufungua, inamisha chupa, elekeza mbali na watu, shika kizibo kwa nguvu na usikiachie tangu waya unapolegezwa, kisha zungusha chupa, si kizibo. Ukitoa mlio wa pumzi tu, umepatia. Mlipuko unapoteza gesi uliyoilipia, na kizibo kinaweza kutoboa jicho.

Glasi iwe na tumbo kidogo na mdomo uliobana, ili harufu ikusanyike. Kwa wiski na konyaki, usichomeke pua ndani. Nusa kwa mbali mdomo ukiwa wazi kidogo, onja kidogo, kisha ongeza matone machache ya maji na unuse tena. Maji hufungua harufu zilizokuwa zimefunikwa na kileo.

Wasiokunywa na madereva wanunulie mvinyo wa mapovu ulioondolewa kileo, uliopozwa vilevile na kumiminwa kwenye glasi zilezile, ili wasiulizwe maswali. Na chupa ikibaki, weka kizibo maalumu cha kubana na uirudishe kwenye friji, umalize kesho yake. Kile kijiko cha kuning'iniza shingoni hakizuii gesi hata kidogo.