Tochi ya Chuma ya Bei Rahisi: Unanunua Ganda, Mwanga Unatengeneza Mwenyewe

Zile tochi za bati zilizopakwa nikeli, zenye mikunjo shingoni na swichi ya kusukuma kwa kidole gumba, bado zinauzwa. Yangu niliikuta Kariakoo kwenye duka la vifaa vya umeme, imewekwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya tochi za plastiki za kuchomeka ukutani. Bei yake haifiki kilo moja ya nyama. Inakula betri kubwa mbili, zile za redio, na inakuja na balbu ya waya ya volti 2.5. Chapa yake siitaji. Ziko nyingi na zinafanana hadi kwenye kasoro zake.

Nianze na hukumu: ilivyotoka dukani, haifai. Mwanga wake ni wa njano iliyochoka, ukiitikisa inazima, ukiipiga kiganjani inawaka tena. Mwenye duka alinishauri ninunue balbu kali zaidi. Sikumsikiliza, kwa sababu mita ya kupimia volti ilikuwa imeshaniambia jambo jingine. Betri zikiwa mpya zilitoa zaidi ya volti 3, lakini kwenye balbu, tochi ikiwa inawaka, zilifika volti 2.1 tu. Zilizobaki zilipotelea njiani.

Umeme wa tochi ya namna hii hupita kwenye vitu vingi: springi ya chini, kifuniko, meno ya kufungia, mwili wenyewe wa bati, kipande cha shaba cha swichi, halafu ndiyo kitako cha balbu. Kila panapogusana vyuma viwili pana kutu kidogo, au rangi, au mafuta ya kiwandani. Balbu ya waya haina huruma na jambo hilo. Mwanga wake haupungui sawasawa na volti, unaporomoka: punguza volti kwa asilimia 10 na karibu theluthi moja ya mwanga imekwenda. Kwa balbu inayokula miliampea 300, ukinzani wa omu moja tu njiani unakula volti 0.3. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini watu wanaamini tochi hizi ni mbovu.

Kwa hiyo nilianza na msasa laini. Nilisugua ukingo wa ndani wa kifuniko hadi bati likang'aa, nikasugua meno, nikasugua kipande cha shaba cha swichi pande zote mbili na kukikunja kidogo ili kikandamize vizuri. Halafu springi. Springi za tochi hizi ni chuma chembamba kinachopitisha umeme kwa shida, basi nililehemu waya mfupi wa shaba kutoka kichwa cha springi hadi kitako chake, umeme upite kwenye waya na springi ibaki na kazi ya kusukuma tu. Kazi yote haikugharimu chochote zaidi ya risasi kidogo ya kulehemu. Kwa betri zilezile na balbu ileile, mwanga ulitoka njano ukawa mweupe wa maziwa, na kule kuzimazima kukaisha. Ukiishia hapo tu, umepata tochi nzuri kuliko aliyonayo muuzaji.

Tatizo linalobaki ni betri. Zile za bei ya chini zilizoandikwa R20 zinachoka haraka zikibebeshwa mzigo, na zikiisha nguvu zinavuja. Ganda la betri hizo ni zinki, na zinki ndiyo inayoliwa betri inapofanya kazi. Likishatoboka, uji wa ndani unamwagika na bati la tochi linaoza. Nimeona tochi za wazee zilizokufa hivyo, nje zinameta, ndani ni unga mweupe. Zilizoandikwa LR20 ni alkali, zinadumu zaidi ila bei yake inauma, na zikisahauliwa ndani zinavuja vilevile. (Ukikuta uji wa R20 umeganda, futa kwa maji yenye magadi kidogo kisha kausha. Kwa LR20 tumia siki, kwa kuwa zile uji wake ni alkali na magadi hayatasaidia kitu.)

Hapa ndipo nilipofurahia mradi huu. Betri ya laptop ikifa, mara nyingi ndani yake kuna seli moja au mbili mbovu na nyingine zina uhai. Seli hizo zinaitwa 18650: upana milimita 18, urefu 65, volti 3.7 kwa kawaida na 4.2 ikijaa. Fundi wa kompyuta mtaani anazo kwenye boksi. Betri kubwa ya tochi ina upana wa kama milimita 34 na urefu wa 61, hivyo mbili zinachukua kama milimita 122. Nilikata bomba la plastiki la maji la milimita 32 kwa urefu huo, nikaweka seli ndani na kuizungushia boksi gumu isichezecheze. Nafasi iliyobaki ilitosha kile kibao kidogo cha kuchajia kinachoitwa TP4056, kile chenye ulinzi, ambacho kinachomekwa chaji ya simu na kukata umeme seli ikijaa au ikishuka sana. Kila upande nikaweka kizibo cha mbao chenye bolti katikati ya kugusia. Bomba zima linatoka na kuingia kama betri moja ndefu.

Kwenye seli hizi sina mzaha. Mwili wa tochi ni chuma na wenyewe ni njia ya hasi. Seli iliyochanika plastiki yake ya nje ikigusa bati vibaya, umeme wote unatoka kwa mkupuo na moto unawaka. Iliyobonyea, yenye kutu, au inayopata joto ikiwa kwenye chaji, nairudisha kwa fundi. Na kibao kisicho na ulinzi usikinunue hata ukiambiwa ni kilekile.

Balbu ya volti 2.5 ukiiweka kwenye volti 4 inawaka kama kamera mara moja, na hutaiona tena. Tafuta ya 3.8 yenye miliampea 300, ile iliyotengenezwa kwa tochi za betri tatu. Kitako cha kuskrubu ni kilekile. Seli ya zamani yenye uwezo wa miliampea-saa 2000 inaiendesha zaidi ya saa sita, na mwanga wake, kwa kweli, ndio ninaoupenda kuliko yote: mweupe wenye joto, unaona rangi ya udongo, ya jani, ya damu kama zilivyo.

Nikajaribu na LED, maana kila mtu alikuwa ananiuliza kwa nini siweki. Niliweka ya wati moja kwenye kipande cha alumini kinachokaa mahali pa balbu, pamoja na kijichipu cha 7135 kinachoshikilia miliampea 350 bila kupanda. Kwa wingi wa mwanga hakuna ubishi, balbu inaaibika. Nikampelekea mzee anayelinda mtaa wetu usiku.

“Shikamoo mzee. Hebu jaribu hii, kisha uniambie.”

“Marahaba, kijana wangu.” Akaimulika barabara, akaimulika ukuta, akaizima. “Inamulika miguu yangu vizuri sana. Lakini mimi natafuta mwizi, na mwizi hakai miguuni kwangu.”

Alikuwa ameona kitu halisi. Rifleta, lile bakuli linalong'aa, limechorwa kwa ajili ya waya mdogo unaotoa mwanga pande zote ukiwa katikati ya bakuli. Sehemu kubwa ya mwanga inapiga kuta zake na kurushwa mbele kama mshale. LED inatoa mwanga mbele tu, kwa hiyo sehemu kubwa inatoka bila kugusa bakuli na kutawanyika. Nilipoisogeza nyuma na mbele kutafuta kitovu, nilipata duara jeusi katikati ya mwanga kabla ya kupata mshale, na hata huo mshale ulikuwa mnene. Ya balbu ndiyo aliyobaki nayo mzee. Ya LED inaning'inia jikoni kwetu, umeme ukikatika inaelekezwa darini na chumba kizima kinaonekana.

Anayetaka kununua, asiangalie mng'ao. Fungua kifuniko na ukifunge tena: meno yakiparuza au yakiruka, iache. Chungulia bakuli, liwe la chuma. Kioo kiwe kioo kweli. Kigonge kwa ukucha utasikia. Ona kama kichwa kikizungushwa balbu inasogea, maana hizo zinakuruhusu kukaza au kutawanya mwanga, na ni chache. Springi dhaifu isikutishe, utaiwekea waya. Balbu ya akiba ikiwepo ndani ya kifuniko, iangalie volti kabla hujaitia mfukoni. Yangu ilikuwa ya tochi nyingine kabisa.