Waridi la jangwani au taji la miiba? Shika shina kabla hujatoa hela

Mwezi wa nne mwaka jana nilinunua waridi la jangwani kwa shilingi 45,000 kando ya Barabara ya Bagamoyo. Lilikuwa na maua 11 mekundu na kitako kinene kama chungu kidogo cha uji. Wiki ya tatu, baada ya mvua ya usiku kucha, nililikuta limeegemea ukuta wa baraza. Nikabonyeza kitako kwa kidole gumba, kidole kikazama. Maji ya kahawia yakatoka, yananuka kama mhogo uliosahauliwa kwenye ndoo. Nilipolivuta likatoka lenyewe. Chini hapakuwa na mzizi mzima hata mmoja, ila makovu ya panga tu.

Tangu niusimulie mkasa huo, ujumbe haujakatika. Dada mmoja wa Kigamboni amepoteza mawaridi matatu kwa masika moja. Mama wa Tabata aliona lake limelegea, akadhani lina kiu, akalizidishia maji mpaka likaisha. Wote walinunua mmea wenye maua mazuri, na wote walijilaumu kwamba hawana mkono wa maua. Mkono wanao. Waliuziwa mmea uliokwisha kufa.

Kwa hiyo hapa sitaongelea rangi wala majani. Nataka ujue jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: je, mmea huu umeota mizizi ndani ya kiriba hiki, yaani mfuko wa plastiki unaouziwa, au uling'olewa jana ukashindiliwa humu asubuhi?

Waridi la jangwani likiwa ardhini hunenepa haraka kuliko likiwa kwenye kiriba. Mteja akitafutwa, linang'olewa, mizizi inakatwa ili liingie, udongo mwekundu unashindiliwa, kisha linamwagiwa maji ling'ae. Mmea huu ukikatwa mizizi unatakiwa ukae kivulini bila maji mpaka vidonda vikauke. Ukilowa kabla ya hapo, uozo unaingilia kwenye kidonda. Kinachowadanganya watu ni kwamba kitako kile ni ghala la maji. Mmea usio na mizizi unaweza kuishi wiki kadhaa kwa akiba yake na ukaendelea kuchanua, kwa hiyo maua si ushahidi wa uzima.

Ukifika kwa muuzaji, shika shina chini kabisa kwa vidole viwili na ulisukume taratibu. Lenye mizizi litaondoka pamoja na kiriba chake. Likitikisika peke yake, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, lirudishe chini. Kisha geuza kiriba uangalie matundu ya chini, utafute vijizizi vyeupe vinavyochungulia. Mwisho, fukua udongo uliorundikwa shingoni, kwa sababu wengine hufukia sehemu iliyoanza kuoza, halafu bonyeza kitako pande zote. Kiwe kigumu kama kiazi kibichi. Ukikuta sehemu inabonyea kama papai, usikubali kuambiwa ni maji tu. Muuzaji atasema, "Mama, utaniulia mmea." Mwambie unanunua mzizi, na uendelee kushika.

Sasa chaguo langu la kwanza, na silifichi: taji la miiba la Thailand, lile wanaloliita poysean. Asili yake ni Madagaska, Bukini ya wazee wetu, lakini Wathailand wamelizalisha kwa miaka mingi hadi likapata majani mapana na maua makubwa kuliko taji la kawaida. Hayo tunayoyaita maua kwa kweli ni vijani vyenye rangi vilivyozunguka ua dogo sana la katikati, ndiyo maana yanakaa wiki nyingi bila kunyauka. Nalipenda kwa sababu ile ile ya mizizi. Taji huoteshwa kwa kipando kidogo, yaani kitawi kilichokatwa, kinakua humo humo kwenye kiriba, na halina kitako cha kumshawishi mtu alichimbe shambani aliuze kwa unene. Langu liko barazani mwaka wa pili. Jua la saa saba linalipiga moja kwa moja, upepo wa bahari unalipitia, nalo linachanua karibu mwaka mzima. Nikisafiri wiki mbili hupukutisha majani kidogo, nikirudi nikalimwagilia linachipua.

Kasoro zake ni miiba, na utomvu mweupe unaowasha ngozi na ni hatari machoni. Vaa glavu ukipogoa, na usiliweke njiani wanapokimbilia watoto.

La pili ni waridi la jangwani lililooteshwa kwa mbegu. Moyo wangu uko huku, maana huu ni mmea wa Afrika na kwetu Tanzania unaota porini. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi wanaupata utomvu wake wa kupaka kwenye mishale, kwa hiyo ujue umeweka sumu ya kweli nyumbani: nawa mikono ukishaukata, na mbuzi asiufikie. La mbegu hujenga kitako chake lenyewe tangu likiwa dogo. Nunua lenye unene wa kidole gumba lililokulia kwenye kiriba, uachane na yale manene ya ghafla. Litakuchukua miaka kunenepa, lakini litakuwa hai.

Ukishalileta, toa ule udongo mwekundu. Nachanganya nusu mchanga mnene wa mtoni na kokoto ndogo, kisha chenga za mkaa na samadi iliyooza sawasawa. Usichote mchanga wa ufukweni, una chumvi. Chungu lazima kiwe na tundu, na tundu lipitishe maji kweli. Lipe jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Chomeka kidole, na kama bado kuna unyevu, liache. Masika ikianza, sogeza chungu chini ya paa, maana mvua ya Dar ya siku nne mfululizo hailipi nafasi ya kukauka. Samadi ya kuku usiipende sana, inalifanya lirefuke na kulegea. Majani yakiliwa usiku mmoja, tafuta kiwavi mnene mwenye kijipembe mkiani, umtoe kwa mkono.

La tatu ni waridi la kubebeshwa, yaani tawi la aina moja lililounganishwa juu ya shina la jingine, lenye maua ya tabaka tabaka. Ni zuri sana, lakini angalia kiungio kama kimeshika, na kila chipukizi linalotokea chini yake likate. Ukiliacha, shina la chini linamshinda mgeni wake, na ua ulilolilipia hutaliona tena.

Vile vipando vya waridi vya buku tatu havitoi kitako kama cha mbegu. Kama ni ua tu unalotaka, chukua.

Kinachoniumiza ni bei. Siku hizi kila mmea ni "wa Thailand", hata taji la kawaida lililokatwa kwenye ua wa jirani. Nilifika mahali kwa miguu nikaambiwa 20,000. Wiki ile ile shemeji yangu akashuka kwenye gari, mmea ule ule ukawa 35,000. Halafu kuna vyungu vya saruji vilivyopakwa rangi, tundu limezibwa na saruji ile ile, nawe unalipia chungu kitakachouozesha mmea wako. Wapo wauzaji waaminifu wanaokaa juani kutwa nzima wakitunza miche yao kwa mkono, na hawa wanaong'oa usiku wanawaharibia soko.

Kwa taji, nunua hata kesho. Waridi lisubiri kipupwe. Mwezi wa saba mengi yamepukutisha majani na hayana ua, wauzaji wanashusha bei, na shina liko wazi mbele yako kuanzia shingoni mpaka kwenye udongo. Mimi nimeshaweka 30,000 pembeni, na nitakwenda asubuhi kabla hawajamwagilia.